Baba Aliyeogopa Kuuliza

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Basra, zama zile ambapo nyumba nzima ilikula sinia moja, aliishi mkamua mafuta ya ufuta aitwaye Shuaibu bin Mahrani. Alikuwa mchamungu kwelikweli. Tangu alipofundishwa kuwa Mola amewakataza waja wake kupelelezana, hakumuuliza mtu tena atokako wala aendako, hata mwanawe Dhakwani aliyekuwa ndiyo kwanza anabaleghe. Kijana akirudi jioni, baba huitikia salamu, akaendelea na uradi wake wa kumtaja Mola. Jamani, mtu aliikimbia dhambi mpaka akaukimbia na wajibu!

Dhakwani akapata marafiki waliokunywa mvinyo wa tende huko kwenye mitende. Mama yake, Bibi Raihana, akaona mwanawe anakwepa sinia, macho mekundu, na karafuu haimtoki mdomoni. Akamwendea mumewe.

"Bwana wangu, muulize mwanao anashinda wapi."

"Subhanallah! Nimpeleleze mtoto wangu?"

"Kupeleleza ni kumtafutia mtu aibu umfedheheshe. Wewe ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga. Kesho Akhera utajibu nini? Kwamba uliona haya?"

Maneno yale yalimchoma. Jioni hiyo Shuaibu aliuweka uradi kando, akamngoja kijana mlangoni, akamketisha.

"Mwanangu, umetoka wapi? Sema kweli, sitakupiga."

Dhakwani angeweza kudanganya, na baba asingejua. Lakini alieleza yote, mvinyo na marafiki, huku analia. Kisha akasema, "Baba, siku ya kwanza nilirudi nanuka, nikakusogelea makusudi. Nilitaka uniulize. Uliponyamaza, nikadhani hunijali."

Shuaibu alilia mpaka ndevu zikalowa. Tangu hapo hakula bila mwanawe, wala hakulala bila kujua siku yake ilikwendaje. Kijana aliteleza tena, maana pombe haiachi mtu kirahisi, lakini alikuja kusema mwenyewe, na mwisho Mola akamnusuru.

Nasi tulilelewa hivyo, ndugu zangu. Hukanyagi kizingiti ila umeulizwa: ulikuwa wapi, na nani, umekula? Tulinung'unika sana! Leo waliotuuliza wako makaburini, na mtu huingia nyumbani kwake akatamani angalau mmoja wao amuulize. Waulizeni watoto wenu.