Kichanja Alichokijaribu Mamba kwa Mkia Wake

Wasikilizaji, nina ngano!
— Itoe tuipime!
Ni nzito!
— Itue tuione!
Na nikizidisha chumvi?
— Tutaonja, tutasema!

Vyema. Basi naanza na yale yasiyobishaniwa.

Hapo kale kiangazi kilikuja kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Bwawa likapungua, likapungua, likapungua, hata likawa dimbwi, na dimbwi likawa tope. Katika tope hilo alibaki Mama Perege pamoja na wanawe saba, na wa mwisho kati yao, mdogo kuliko wote, aliitwa Pezi.

Ukingoni mwa bwawa aliishi Mamba, katika nyumba ya mawe, na ndani ya nyumba alikuwa na hodhi kubwa la kioo. Alilipata wapi? Zipo kauli mbili. Ya kwanza yasema alilirithi kwa mjomba wake. Ya pili yasema alimla huyo mjomba. Kwa kuwa kauli hizi hazipingani, nazipokea zote mbili.

Siku moja Mamba akashuka topeni, fyata, fyata, fyata.

"Mama Perege, jirani yangu, mnateseka bure. Njooni kwangu. Hodhi lina maji tele."

Mama Perege alimjua Mamba. Lakini kwa upande mmoja palikuwa na Mamba, na kwa upande wa pili palikuwa na jua. Akaingia hodhini, na wanawe saba wakaingia.

Hodhi lilikuwa sakafuni. Mamba akalala kando yake, kidevu chake juu ya ukingo wa kioo, mate yakidondoka majini: to, to, to.

"Maji yakoje?" akauliza.

"Yana mate yako, mzee," akajibu Mama Perege.

"Vumilieni. Keshokutwa nina wageni wawili. Mmoja anaitwa Meno, mwingine anaitwa Tumbo."

Mama Perege akawakusanya wanawe chini ya tumbo lake, wote saba.

Sasa, Mama Perege alikuwa na rafiki. Rafiki huyo ni Kigong'ota, ndege mdogo mwenye mdomo kama patasi, fundi wa mbao. Miaka yote alipokuwa akifanya kazi juu ya mti wa bwawani, alikuwa akiwasimulia watoto wa Perege habari za huko juu: upepo umefika, nyuki wamegombana, tumbili kaanguka. Pezi alimwita mjomba. Kigong'ota akaja dirishani, akaona mambo yalivyo.

"Kaka yangu, tumekwisha," akasema Mama Perege.

"Bado, dada yangu. Siku mbili ni nyingi kwa fundi."

Hapa natofautiana na Kigong'ota. Sijapata kumwona fundi ambaye siku mbili zilimtosha kwa lolote. Tuendelee.

Kigong'ota akaenda mlangoni. Ng'o, ng'o, ng'o!

"Nani huyo? Utautoboa mlango wangu!"

"Ni mimi fundi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikumwita fundi."

"Hukuniita, huruma imenileta. Mzee, hawa samaki wako wamekonda."

"Wamekonda?"

"Hebu mtazame mama yao uso kwa uso."

Mamba akamtazama Mama Perege uso kwa uso. Kweli, alikuwa mwembamba kama ukuti. Samaki yeyote wa jamii yake, akitazamwa uso kwa uso, ni mwembamba kama ukuti. Lakini Mamba hakuwa na desturi ya kuwatazama samaki kwa muda mrefu kiasi hicho.

"Loo! Nimedanganywa na ubavu!" akasema.

"Kosa ni la sakafu, mzee. Baridi ya sakafu hupanda, mafuta ya samaki hushuka. Mweke samaki juu, kwenye kichanja imara, jua la dirishani limfikie. Mwezi mmoja tu: kila mtoto atakuwa kama mama yake, na mama atakuwa kama wewe."

"Kama mimi!"

"Kama wewe, mzee, bila magamba haya magumu."

Ushahidi wa maneno haya haukutolewa, na Mamba hakuuomba. Alisikia neno "mafuta", akameza mate, akasema, "Jenga."

Kigong'ota akaanza na vipimo.

"Inua kichwa, mzee. Zaidi. Simamia mkia. Sasa fungua kinywa."

"Kinywa cha nini?"

"Kichanja cha mkubwa hupimwa kwa ukubwa wake."

Mamba akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, ka, ka, ka. Kigong'ota akapima kwa kamba kutoka sakafuni hadi ncha ya pua. Kisha, kimya kimya, akaongeza shibiri mbili.

Akaenda mwituni kuchagua magogo. Akagonga la kwanza: bwe, bwe. Hilo lina shimo. Akagonga la pili: bwe, bwe. Hilo limeliwa na mchwa. Akagonga la tatu, mninga uliokauka vizuri: ng'o, ng'o! Tembo, ambaye ni mpole na hana haraka, akalibeba mpaka nyumbani kwa Mamba.

"Mzee," akasema Kigong'ota, "hodhi hili likijaa maji lina uzito sawa na wako."

"Basi ni zito mno!"

"Ndiyo maana kichanja lazima kikushinde wewe. Kisipokushinda wewe, maji yatakishinda. Nitajenga, nawe utapiga kwa mkia."

Akajenga cha kwanza. Mamba akapiga: pu! Kichanja kikaanguka: pwaa!

"Ahsante, mzee. Kumbe fremu ya juu nimeining'iniza kwenye misumari tu. Inafaa ikalie vichwa vya miguu, mbao juu ya mbao."

Akajenga cha pili. Mamba akapiga: pu! Kichanja hakikuanguka, ila kilienda upande, nya-a-a, kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Ahsante, mzee. Kumbe kinataka mbao za mshazari, pembe hadi pembe, zikizuie kuyumba."

Akajenga cha tatu. Mamba akapiga: pu! Kikasimama. Pu! Kikasimama.

"Huo ni mkia, mzee, au ni utepe?"

Mamba akakasirika. Pu! Pu! Pu! Kikasimama. Mkia ukavimba ukawa kama mtungi, na kichanja kikasimama.

"Hakuna kiumbe atakayekiangusha hiki!" Mamba akatangaza kwa fahari, akihema.

"Tembo, umesikia?" akauliza Kigong'ota.

"Nimesikia," akasema Tembo.

Kigong'ota akaweka beseni la maji juu ya kichanja, atazame maji yanalalia upande gani. Pembe moja ilikuwa chini kidogo. Akaichomekea kipande chembamba cha mbao, maji yakatulia sawa. Tembo akalishusha beseni, Mama Perege na wanawe wakahamia humo, naye akalimwaga hodhi, akalinyanyua likiwa tupu, akaliweka juu, akalijaza kwa mkonga wake, fwaa, fwaa, fwaa. Kisha samaki wakarudi ndani, wakaogelea penye jua.

Mwezi ukapita. Je, walinenepa? Walinenepa. Lakini kimo cha kichanja hakikuhusika: Kigong'ota alikuwa akiwaletea mchwa kila asubuhi.

Mamba akaja na leso shingoni. Akainua kichwa. Hakufika. Akasimamia mkia. Hakufika. Akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, ka, ka, ka. Bado shibiri mbili. Akageuka, akapiga mkia: pu! Kichanja kikasimama. Pu! Kikasimama.

"Fundi! Nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini, mzee? Samaki wako palepale, unawaona."

"Nawaona, siwafikii! Kata miguu ya kichanja hiki sasa hivi, ama nitakungoja utue, nikumeze na mdomo wako!"

Mle hodhini Pezi akajificha nyuma ya mama yake. Kigong'ota akamwona. Lakini sauti yake haikubadilika.

"Kukata si kazi. Ila nikikata mguu mmoja, hodhi litapinduka, kioo kitavunjika, nawe utakula vigae pamoja na samaki. Unataka vigae?"

"Sitaki."

"Basi ingia chini, ukipokee kichanja kwa mgongo wakati nakata. Wewe na hodhi uzito ni mmoja. Nani mwingine awezaye?"

"Hakuna," akasema Mamba, na hilo lilimpendeza.

Akaingia uvunguni, akasimama juu ya miguu yake mifupi, akatunisha mgongo. Ubao wa chini alioupachika Kigong'ota kwa ajili ya kuwekea chakula cha samaki ukamgusa, naye akaamini ndio mzigo. Kigong'ota akaenda nyuma yake, ambako Mamba hawezi kugeuza shingo kutazama. Ng'o, ng'o, ng'o!

"Mguu wa kwanza umekatika."

Ng'o, ng'o, ng'o!

"Wa pili."

Ng'o, ng'o, ng'o! Wa tatu. Ng'o, ng'o, ng'o! Wa nne. Na miguu yote minne ilikuwa mizima, imesimama, haina hata mkwaruzo wa kutajwa.

"Mzee, sasa hodhi lote liko mgongoni mwako. Ukitoka, linakuangukia."

Mamba akafikiri kidogo.

"Fundi, mbona sisikii uzito?"

"Hiyo ndiyo nguvu, mzee."

"Kumbe!" akasema Mamba, akatunisha mgongo zaidi.

"Naenda kuleta miguu mifupi. Usitikisike."

Akaondoka. Mamba hakutikisika siku ya kwanza. Hakutikisika siku ya pili. Siku ya tatu mbingu zikanguruma, guru, guru, guru, mvua ikashuka, na bwawa likajaa hadi ukingoni.

Tembo akaja na beseni. Akawachota samaki mmoja mmoja, taratibu: Mama Perege, kisha wanawe sita. Wa saba akawa Pezi. Beseni lilipofika mlangoni, Pezi akasema, "Subiri, Babu Tembo." Akachungulia ukingoni mwa beseni, akatazama uvunguni. Akaona miguu minne mifupi ikitetemeka, na macho mawili mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo, Babu Mamba," akasema Pezi. "Ahsante kwa kutubeba."

Mama Perege akashtuka. Kigong'ota, aliyejificha nyuma ya sikio la Tembo, akazidi kujikunyata. Mamba hakuwahi kushukuriwa na chakula chake tangu atoke yaini. Hakujua afanye nini na neno hilo. Angeweza kuruka, mlango haukuwa mbali. Lakini angetoka, hodhi lingeanguka, na aliyekwisha kushukuriwa kwa kubeba anaangushaje?

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Nendeni salama. Mwambieni fundi asichelewe na ile miguu."

Wakaenda. Tii, tii, tii, matone ya beseni yakafuatana njia nzima hadi bwawani. Mama Perege akawahesabu wanawe majini: saba. Akawahesabu tena: saba.

Ngano yangu nimeitua!
— Imetulia sawa?
Wekeni beseni mpime!
— Funzo lake je?

Funzo ni kwamba katika dunia hii wakubwa ndio wanaowabeba wadogo, na mteja akimwamini fundi wake bila kuuliza maswali hapati hasara. Anayebisha aende akamwulize Mamba. Hana haraka.