Gia ya Pili

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na mikuki bali zamani hii ya juzi, ya magari na matope, palikuwa na gereji chini ya mlima. Mlima wenyewe uliitwa Shukeni. Uliitwa hivyo kwa sababu kila gari lililofika katikati yake lilikohoa, likasita, likasimama, na dereva akatoa kichwa dirishani akipiga kelele: "Shukeni! Shukeni msukume!" Watu walishuka. Watu walisukuma. Na gari lilipokataa kabisa, watu walitembea.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Mwakisole. Mzee huyo aliwafundisha mafundi watatu, na watoto wake wa kuzaa hawakupenda grisi. Sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka. Asubuhi moja aliiangusha nati ndani ya injini ya mtu, akakaa juu ya tairi, akasema, "Basi. Mikono imestaafu kabla yangu. Gereji hii itapata mwenyewe mpya, na atakuwa mmoja wenu."

Mafundi watatu wakatazamana.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, aliyejua kuendesha. Hakuna usukani uliomkatalia. Wa pili alikuwa Lugano, aliyejua kuchagua. Ungempa rundo la vyuma chakavu, naye angekutolea kimoja kilicho kizima. Wa tatu alikuwa Sekela, aliyejua kukereza. Chuma kilichoingia kwenye mashine yake kikiwa kigongo kilitoka kikiwa pete.

Na katika hao watatu, Sekela ndiye aliyeutaka ufunguo wa gereji kwa roho yote. Gwakisa angeajiriwa na kila mwenye lori. Lugano angeuza vipuri popote penye barabara. Lakini mashine ya kukereza haibebwi kichwani. Ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gereji ile, na mwenye ufunguo wa mlango ndiye angekuwa mwenye mashine. Tena Gwakisa alishasema, akicheka, "Siku nikiipata gereji, lile dude la Sekela nalitoa. Pale patafaa kuoshea magari."

Gwakisa alicheka. Sekela hakucheka.

Basi, wiki hiyohiyo wakaja kina mama wa maziwa. Walikuwa na pikapu yao, Ng'ombe wa Bati, na injini yake ya petroli ilikuwa imekufa. Kiongozi wao, Mama Bupe, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alishika kiuno akasema, "Fundi, kituo cha maziwa kiko juu ya Shukeni. Maziwa yetu yako chini ya Shukeni. Jua likipanda kabla yetu, tunamwaga. Tumechoka kumwagia mbwa. Injini tumepata, ya dizeli, ya lile lori lililolala nyuma ya ghala la chai. Ifungeni."

Mzee Mwakisole akaizunguka injini ile mara moja, akaguna.

"Injini ni nzima," alisema. "Shida ni giaboksi. Ile ya zamani ilizoea injini ya upole. Ukiishikisha dizeli hii, mlimani itatafunwa meno kama bisi. Inatakiwa giaboksi ya kubeba nguvu hii." Akawageukia mafundi wake. "Sikieni. Ng'ombe wa Bati akivuka Shukeni ana mzigo, na mtu asishuke kusukuma, ufunguo wa gereji nampa yule aliyemvusha. Na sheria yetu mnaijua."

Waliijua. Sheria ya gereji ile ilikuwa fupi: aliyefunga bolti hupanda. Kila aliyegusa gari kwa spana alipaswa kuketi ndani yake siku ya mzigo wa kwanza. Kazi yako ikivunjika, ivunjike ukiwamo.

Ubishi ukaanza.

"Injini ya lori, giaboksi ya lori," alisema Gwakisa. "Hao ni mume na mke, wameshazoeana. Tuichukue ileile."

"Itakaa wapi?" aliuliza Lugano. "Mapajani kwa Mama Bupe? Ni ndefu, utakata fremu ya gari mpaka libaki kitoroli. Halafu gia yake ya kwanza inatambaa. Mbuzi watakupita wanakula."

"Bora kupitwa na mbuzi kuliko kutokwa na roho, bwana."

Lugano akachukua begi lake. Alikwenda kwa wauza skrepa mpakani, akapekua, akatikisa, akanusa mafuta, akakataa, akakataa tena. Akarudi na giaboksi moja ya wastani, iliyotoka kwenye gari la jipu la milimani. Gwakisa alipoiona alipiga makofi.

"Hii nini, kaka? Redio?"

"Acha kutazama ganda," alisema Lugano. "Njoo utazame meno."

Akafungua kifuniko. Na kweli, meno yalikuwa mapana. Shafti ilikuwa nene. Beringi zilikuwa kubwa, zimekaa imara kama wazee barazani. Hata Gwakisa aliinama kutazama.

Mzee Mwakisole akaleta bisibisi yake ndefu. Akagusisha ncha kwenye ganda, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. "Zungusha."

Lugano akazungusha gia ya kwanza polepole. Mzee akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akazungusha ya pili. Akazungusha ya tatu polepole. Ndiyo. Ya nne, ndiyo. Ya tano, ndiyo.

Lakini Sekela alikuwa amesimama upande wa mkono wa Lugano. Aliona kwamba gia ya pili ilizungushwa upesi upesi, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Akaendelea kufuta spana aliyoishika.

Ikaja zamu yake. Injini na giaboksi vilikuwa vya koo mbili. Matundu ya bolti hayakukutana, na shafti haikuifikia injini. Sekela akakereza sahani ya chuma ya kuviunganisha, na bushi, pete ya kuipokea shafti. Akapima. Sahani ilikuwa imepinda kidogo sana, unene wa karatasi.

"Inatosha hiyo," alisema Lugano.

"Haitoshi. Shafti ikikaa upande itajikata yenyewe."

Akaitupa. Akakereza nyingine, akaipima. Akaitupa na hiyo. Ya tatu ilikaa. Ilipokaa, shafti iliingia kwenye bushi kwa mlio mmoja mdogo, *tik*, na Sekela alihisi mlio huo hadi mgongoni. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Ndipo alipoingiza kidole kwenye tundu la mafuta la giaboksi, kuangalia kama mafuta yamefika. Kidole kikatoka kinameta. Chenga za chuma, laini kama unga. Gia moja ilikuwa inalika humo ndani, naye alijua ni ipi.

Alisimama na kidole hewani. Akisema ukweli, giaboksi itarudishwa mpakani. Ikirudishwa, sahani yake itakuwa chuma cha kutupwa, maana haitafaa kwa giaboksi nyingine. Na pengine Gwakisa atashinda na lile giaboksi lake la lori, na mashine itang'olewa sakafuni.

Sekela akafuta kidole kwenye ovaroli. Akafunga tundu.

Siku ya mzigo ikafika. Alfajiri ilikuwa ya ukungu, barabara imelowa. Kina mama wakaleta madumu yao, na Ng'ombe wa Bati akajaa. Alipojaa, akatokea Gwakisa na kina mama wengine wa ng'ambo ya mto, kila mmoja na dumu.

"Hawa nao wapande," alisema Gwakisa.

"Gari limejaa," alisema Lugano.

"Si ulisema meno ni mapana? Au unaogopa redio yako itakatika?"

Lugano akaona aibu. Madumu yakapandishwa, springi zikalala. Mzee Mwakisole akaketi mbele, Gwakisa akashika usukani. Lugano na Sekela wakakaa nyuma pamoja na kina mama, juu ya madumu. Mama Bupe akapiga bodi kwa kiganja.

"Twende! Leo atakayetamka 'shukeni' namwogesha maziwa!"

Wakacheka. Gari likaondoka.

Gia ya kwanza. Dizeli ikanguruma, mlima ukaanza, gari likapanda. Kina mama wakapiga vigelegele. Sekela aliweka kiganja kwenye bati la sakafu, akaisikiliza sahani yake kwa mifupa. Sahani ilitulia.

Kona ya kwanza. Gari likapanda. Kona ya pili. Gari likapanda. Mlima ukalegea kidogo, injini ikapiga kelele kwamba inataka gia nyingine, na Sekela akamsikia Gwakisa akikanyaga klachi.

Sekela aliinua kichwa. Alimtazama Lugano. Lugano alikuwa ameshamtazama yeye. Na katika kutazamana kule kila mmoja alitambua kwamba mwenzake anajua.

Gia ya pili ikaingia. Gari likapanda. Mlima ukakaza tena. Gari likapanda. Ikasikika sauti kama ya mtu anayetafuna mchanga. Gari likapanda. Halafu, *tah!* gia ikachomoka.

Injini ikalia peke yake, haishiki kitu. Gari likasimama pale, pumzi moja. Kisha likaanza kurudi.

Lilirudi taratibu kwanza. Gwakisa akakanyaga breki, na magurudumu yakakamata, lakini mzigo ulikuwa mzito na matope mororo, likaendelea kuteleza. Nyuma kulikuwa na kona, na chini ya kona palikuwa na bonde ambalo ukungu ulilijaza hadi ukingoni. Mama Bupe alikumbatia dumu kama mtoto. Sekela alikuwa anasema kimoyomoyo, kidole changu, kidole changu.

Gwakisa hakuuachia mkono wa gia. Hakuitafuta tena ile ya pili. Alikanyaga mafuta kwa kisigino, akasubiri breki ziminye mwendo mpaka ukabaki kidogo, akausukuma mkono kwenye gia ya kwanza kwa nguvu za bega zima. Ndani chuma kilipiga kelele mbaya. Ikaingia. Akaachia klachi.

Uzito wote wa gari, uzito wa maziwa, wa watu, na wa madumu ya ng'ambo ya mto, ukaigonga giaboksi kwa pigo moja. Meno mapana yakapokea pigo. Sahani ikapokea pigo. Gari likatetemeka toka pua hadi mkia, gurudumu moja la nyuma likiwa limeshagusa mawe ya ukingo.

Likasimama.

Halafu likapanda.

Lilipanda kwa gia ya kwanza peke yake, likilia njia nzima, mpaka kileleni. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyesukuma. Maziwa yalifika yakiwa mabichi. Mama Bupe aliruka chini, akakaa kwenye nyasi akicheka na kulia pamoja.

Walipopoa, Mzee Mwakisole akaomba beseni, akafungua mafuta ya giaboksi palepale. Yakatoka meusi, yanameta. Ndani yake mlikuwa na kipande cha jino.

"Gia ya pili," alisema. "Hili halikuanza leo. Nani alijua?"

Kisha Lugano akavua kofia. "Mimi, Baba. Niliiona imechoka. Nikadhani itavumilia. Nikaizungusha haraka usiisikie."

"Mimi," alisema Gwakisa, "sikujua gia. Lakini nilijua mzigo. Nilileta madumu yale ili ishindwe, nionekane nilisema kweli. Sikufikiria bonde."

Sekela angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona kidole chake isipokuwa yeye. Alitazama mikono yake, akaitazama mikono ya Mzee inayotetemeka, akasema, "Na mimi nilijua. Nilizishika chenga kwa kidole hiki, nikafunga tundu. Nilihofia sahani yangu itatupwa."

Mama Bupe akasimama. "Kumbe nyote watatu mlitaka kutuua!"

"Nyote watatu mmetuvusha pia," alisema mama mmoja wa ng'ambo.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni. "Mlango ni mmoja na ufunguo ni mmoja. Semeni."

Lugano akasema: "Ingekuwa giaboksi nyingine yoyote, pigo lile lingeipasua. Nilikosea gia moja. Nilipatia nne, na ganda, na shafti. Kilichosimamisha gari ni chuma nilichokichagua mimi."

Gwakisa akasema: "Chuma hakijiingizi gia. Giaboksi bora bila mkono ingekuwa bondeni na meno yake mapana. Nilizidisha mzigo, kweli. Na mzigo huohuo ndio nilioukamata."

Sekela akasema: "Sahani ya kwanza ingetosha, aliniambia Lugano. Ingekuwa ile, shafti ingekatika kwa pigo, na mkono wa Gwakisa ungeshika hewa, na chuma cha Lugano kisingeshika kitu. Kosa langu hamkulijua, nimelileta mwenyewe. Lakini sitasema ni dogo. Wao walidhani. Mimi nilishika."

Mzee Mwakisole akawatazama mmoja mmoja. Kina mama wakaanza kugombana, wengine wakimtaja huyu, wengine yule, na mmoja akisema ufunguo utupwe bondeni. Mzee akanyoosha mkono, na ufunguo ukatetemeka katikati ya watu watatu, haujaelekea kwa yeyote.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkasikia yote, msinitazame mimi. Mmoja alichagua giaboksi akaficha ubovu wake. Mmoja aliiunganisha akafuta dalili. Mmoja aliiokoa baada ya kuielemea. Kama mkono ule ungekuwa wako, je, nani alistahili ufunguo?