Udongo Mwekundu Miguuni mwa Nungunungu

Paukwa! Mbona mnaitika kama mmevimbiwa na viporo? Paukwa! Haya, hiyo sasa ndiyo pakawa.

Hapo zamani za kale Kanga alitaga mayai ndani ya kichaka cha miba, na kichaka kilizungukwa na udongo mwekundu. Siku moja, mvua ilipokatika, akatoka kutafuta chakula. Kurudi, kiota kitupu. Maskini, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Wanyama wakakusanyika kwa Ngiri, mkubwa wao. Kanga akasema, "Aliyekula mayai yangu amekanyaga udongo mwekundu."

Kenge akadakia. Miguu ya Nungunungu si ile, myekundu? Basi mwizi ndiye yeye, afukuzwe shimoni pamoja na wanawe. Wengine wakaitikia, afukuzwe, afukuzwe.

Wana wa Nungunungu walikuwa wachanga na masika ndiyo kwanza yameanza, angewapeleka wapi? Akajikaza.

"Mimi nachimba mizizi kulekule," akasema. "Kanga kasema mwizi ana udongo. Hakusema kila mwenye udongo ni mwizi. Hebu mzee Ngiri tazama kwato zako."

Ngiri akatazama. Nyekundu. Akakohoa kidogo, akaamuru wenye miguu safi waende zao, maana hao kweli hawamo. Wakabaki yeye, Nungunungu na Kenge.

Kanga akakumbuka kwamba miba haikuvunjika. Mwizi alipenya katika tundu dogo la kichaka. Ngiri akajaribu, mabega yakakwama. Nungunungu akajaribu, miiba yake ikanasa. Kenge akajaribu, akapita teleee!

"Ndiye!" wakasema.

Nungunungu alitamani kunyamaza, kwa uchungu aliokuwa nao. Lakini haki ni haki. Akasema, "Mwizi kapita tunduni, lakini si kila anayepita ni mwizi. Hata Nguchiro angepita, na leo hatujamwona."

Kenge akaona kapona. Akacheka, akacheka tena, mara ya tatu kicheko kikamkwama kooni, akatapika maganda ya mayai mbele ya Kanga mwenyewe.

Wakamfukuza mpaka mtoni. Ndiyo maana mpaka leo, kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo. Nungunungu akarudi shimoni, akawakuta wanawe wamelala.

Basi jamani, ukiambiwa kila mwizi ana tope, usimkamate kila mwenye tope. Hadithi naitua hapa. Atakayeibeba asiitie chumvi.