Andiko la Dobi kwa Hospitali

Wapendwa, leo nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie. Wiki nzima nimetafuta namna ya upole ya kulisema jambo hili, nimekosa.

Palikuwa na dobi mmoja. Si dobi wa beseni na pasi ya mkaa, hapana. Huyu alikuwa na mashine za kufulia, mashine za kukaushia, na gari lenye jina lake ubavuni. Akasikia kwamba hospitali ya misheni pale mjini inatafuta mtu wa kuifulia mashuka. Akasema, "Kazi hii ni yangu." Na kweli aliihitaji. Mashine zilikuwa zimekaa bure, wafanyakazi wake wameanza kuulizana kama kesho wataitwa.

Basi akakaa kuandika andiko la kuwashawishi wenye hospitali. Akaandika alivyoianza biashara yake. Akaandika vyeti alivyotunukiwa, na mashine zake zimetoka nchi gani. Ukurasa wa kwanza akaweka picha yake mwenyewe, kavaa suti. Mkewe akasoma, akamrudishia. "Baba Ipyana, mbona hospitali yenyewe siioni humu?"

"Jina lao si lipo kwenye jalada?"

Mkewe akaguna, akarudi jikoni. Ungekuwa wewe, ungeongeza neno gani?

Dobi akalipeleka kwa sista, muuguzi mkuu wa hospitali ile. Sista akalipitia lote, akamwambia, "Kaka, humu umenieleza wewe ni nani. Sijaona utatusaidia nini. Nenda kaandike upya."

Mnadhani alifanya nini? Aliongeza picha! Akaongeza sifa alizopewa na wateja, kila ukurasa "ubora", kila ukurasa "weledi", mpaka andiko likanenepa kama Biblia ya mimbarini. Mzee Mwasenga, usitikise kichwa, nakuja kwako.

Aliporudi nalo, sista hakulifungua. Alivua miwani, akauliza, "Kaka, shida yetu hapa ni nini?"

"Mashuka machafu, Sista."

"Machafu tunayafua. Nimeuliza, shida yetu ni nini?"

Dobi akaanza tena habari za mashine na nchi zilikotoka. Sista akainua mkono. "Masika mashuka hayakauki. Wagonjwa wanalalia mpira mtupu wa godoro, wanachubuka migongo. Hilo hukulijua?"

"Ningejuaje, Sista? Hakuna aliyeniambia."

Sista akamtazama. "Mama yako mzazi alilazwa hapa masika iliyopita. Ulikuja kumwona kila jioni. Ulikuwa unakaa kwenye kitanda chake, umeshika simu, unaongea mambo ya biashara. Mpira ule ule uliukalia, kaka. Na mama yako alikuwa anakuita umgeuze."

Dobi akasema taratibu kwamba mashine zake hukausha hata mvua inyeshe mchana kutwa. Ilikuwa kweli! Na ndilo neno pekee ambalo hakuliandika popote.

"Ungeniandikia hilo tangu mwanzo," sista akasema, "nisingetafuta mtu mwingine. Kazi tumeshampa mama mmoja. Yeye alipita wodini kwanza, akawauliza wagonjwa wanalalaje."

Dobi akaondoka na andiko lake kwapani. Hakurudi kwenye mashine zake. Alikwenda kwa mama yake, akakaa, akamwuliza, "Mama, kule hospitali ulikuwa unalalaje?" Yule mama alishangaa kuulizwa. Kisha akasimulia, na ugali ukapoa mezani hawajaugusa.

Naona mnamcheka dobi. Ngojeni kwanza.

Jumamosi tulikwenda kwa mama mmoja, jirani mpya, pale nyuma ya ukumbi wetu, kumkaribisha ibadani. Tulimwambia nini? Tuna kwaya nzuri. Tuna vipaza sauti vipya. Tunajenga. Mzee Mwasenga ukampa historia ya usharika tangu wamisionari. Tukaomba, tukaimba, tukaaga. Mlangoni palikuwa na viatu vya watoto na hapakuwa na kiatu kimoja cha mtu mzima mwingine. Nani kati yetu alimwuliza yule mama kama ni mjane? Nani alimwuliza amekula? Halafu leo tunanong'onezana, "Mbona hakuja? Moyo wake mgumu." Moyo wa nani mgumu, jamani? Wa nani?

Sisi tunamtangaza Kristo kama dobi alivyotangaza mashine zake. Yesu alimwuliza kipofu, tena akimwona kabisa kuwa ni kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" Yeye aliuliza! Sisi ni nani tusiulize?

Leo sigawi vipeperushi. Nendeni mikono mitupu. Pigeni hodi, mketi, mumwulize yule mama, "Umeamkaje?" Halafu, nawasihi kwa jina la Bwana, nyamazeni awajibu.