Msusi Aliyeambiwa Anadeka

Saluni ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara, viti vinne vya plastiki, benchi la wanaosubiri, na kioo kikubwa kilichofunika ukuta mzima. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na beseni la kuoshea nywele. Sakafu ilifagiliwa mara kumi kwa siku, na mara kumi hizo hizo nywele bandia zilitapakaa upya kama majani ya mti unaopukutika. Waliokuwa wakiiendesha ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa, mwenye saluni, aliitwa Mama Kioo kwa sababu ya kile kioo, ambacho alikipenda kama mtoto wake. Mdogo aliitwa Vidole.

Jina hilo halikuwa la bure. Vidole akikishika kichwa cha mtu, mistari ilinyooka kana kwamba imepigwa rula. Wapo wanawake waliokubali kukaa benchini tangu asubuhi mpaka adhuhuri wakimsubiri yeye, ilhali Mama Kioo amesimama bure, kitana mkononi. Mama Kioo hakumwonea wivu hata chembe. Kinyume chake, alijivuna. Mama yao alifariki Vidole akiwa na miaka tisa, na ni yeye, msichana wa miaka kumi na saba wakati huo, aliyembeba, akamsomesha, akamfundisha kusuka. "Huyu ni kazi ya mikono yangu," alipenda kuwaambia wateja.

Lakini Mama Kioo alikuwa mgumu kama mzizi wa mkwaju. Aliwahi kusuka akiwa na homa inayomtetemesha. Aliwahi kusuka siku ya nne baada ya kujifungua. Kwake yeye, ugonjwa ulikuwa mgeni mjeuri ambaye usipomkaribisha kiti, huondoka mwenyewe.

Vidole alipotimiza miaka thelathini na miwili, maumivu yalimwanza kwenye nyonga ya kushoto. Yalishuka nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi, yakaishia katika kidole kidogo cha mguu, mithili ya waya wa moto uliovutwa ndani ya mfupa. Akipiga chafya, waya ule uliruka. Akiinama kuokota kitana, uliruka. Kwenye zahanati ya jirani aliambiwa kwamba mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni umebanwa na pingili za uti wa mgongo. Alipewa dawa za kutuliza, akaambiwa asikae wala kusimama mahali pamoja muda mrefu, na kila siku atembee kidogo.

"Sote tuna viuno, mdogo wangu," Mama Kioo alimwambia. "Cha kwako kina nini hata kiitwe mgonjwa?"

Vidole akatabasamu, akaendelea kusuka.

Jambo la pili lilikuja baada ya miezi michache, nalo lilikuja kwa kunyata. Mikono yake ilianza kuchoka. Si uchovu wa jioni anaoujua kila msusi, bali uchovu wa asubuhi, kabla hata hajagusa kichwa cha mtu. Ili achane nywele zake mwenyewe, ilimbidi aegemeze kiwiko dirishani. Ngazi tatu za mlangoni alizipanda akijivuta kwa ukuta. Akikaa kwenye kigoda, kuinuka kulikuwa shughuli. Alijisukuma kwa viganja kama bibi kizee.

Siku moja aliomba apumzike kidogo, kwa kuwa mabega yalikuwa yakiwaka moto. Saluni ilikuwa imejaa. Mama Kioo akageuka kwenye kioo chake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jana mguu, leo mikono, kesho tutaambiwa ulimi! Huyu anadeka tu, mimi ndiye niliyemharibu kwa kumlea kama yai."

Benchi zima likaangua kicheko. Vidole naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Aliyeona mambo yalivyo alikuwa mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Alijitazama kiooni baada ya kusukwa, akapitisha kidole juu ya mstari uliopinda, kisha akamvuta Vidole pembeni. "Nimesukwa na wewe miaka minane," alinong'ona. "Huu si mkono wako. Nenda hospitali kubwa, tafadhali. Usiende tena zahanati kuomba dawa ya kiuno."

Hospitalini alipimwa damu, akapimwa misuli kwa mashine, hatimaye akakatwa kipande kidogo cha nyama ya paja kikachunguzwe. Daktari wake, mama mmoja mpole asiyekuwa na haraka, alimkalisha akamweleza.

"Una mambo mawili, mwanangu, na yote ni ya kweli. Mwili una askari wake wa kuulinda. Kwako, askari hao wamegeuka, wanaishambulia misuli yako mwenyewe. Inavimba kwa ndani na kudhoofika. Ugonjwa huu hauambukizi. Hukaa na mtu miaka mingi, lakini tunaweza kuutuliza."

"Na mguu, daktari?"

"Mguu ni ule mshipa uliobanwa. Ila misuli ya kiuno ikilegea, mgongo hukosa tegemeo, na mshipa nao huteseka zaidi. Basi yanachocheana." Akamwandikia vidonge vyeupe vidogo, akamkazia macho. "Hivi usiviache ghafla. Hata ukijisikia umepona, usiviache."

Tangu siku hiyo, Vidole alianza kuishi kati ya mabwana wawili wasioelewana. Mguu ulitaka atembee. Misuli ilitaka atulie. Akikaa sana, waya wa moto unaamka; akitembea sana, mapaja yanalegea kama nguo iliyoloa. Alijifunza kuzipima nguvu zake za siku kijiko kijiko, kama sukari iliyobaki kidogo. Alisuka vichwa viwili tu, akimkalisha mteja chini kwenye mto ili asiinue mikono juu ya mabega, na kila baada ya robo saa alizunguka chumba. Wateja hawakulalamika. Mama Kioo ndiye aliyenuna.

"Wateja wangu hawakai sakafuni," alisema.

Kisha vidonge vikaanza kumbadilisha. Mashavu yakajaa, uso ukawa duara kama sahani, hamu ya kula ikapanda. Hapo ndipo Mama Kioo alipopata ushahidi aliokuwa akiutafuta. Maishani mwake wagonjwa aliowajua walikonda.

"Mgonjwa gani huyu anayenawiri?" aliuliza, bila mzaha safari hii. "Nakwambia, hivyo vidonge ndivyo vinavyokuchosha. Jumamosi tuna bibi harusi na wenzake saba, na wote wanakutaka wewe. Viache siku tano tu, uone kama hutarudi kuwa Vidole wangu."

"Dada, daktari alikataza."

"Daktari hajakulea."

Kwa mtu aliyelelewa na dada yake kama mama, neno hilo lilikuwa zito kuliko maelezo yote ya hospitali. Alikuwa amechoka kuitwa mdekaji usiku na mchana. Pengine, alijiambia, dada ana jicho ninalokosa mimi. Kile kikopo cha vidonge akakiweka juu ya kabati, akakiacha.

Siku mbili za kwanza hakuona tofauti. Siku ya tatu mikono ilikuwa mizito kama magunia ya mchanga uliolowa. Siku ya nne kipande cha mkate kilimkwama kooni mpaka akakisukuma kwa maji. Alikuwa radhi kumwambia dada yake, lakini dada alikuwa akifua taulo na kuimba, mwenye furaha kama mtoto, akihesabu siku zilizobaki kufika harusi. Vidole akaona haya kuizima furaha ile.

Jumamosi saluni ilifurika. Vidole alisuka kichwa cha kwanza amesimama, cha pili amesimama, cha tatu ameegemea kiti kwa goti moja. Cha nne kilikuwa cha bibi harusi mwenyewe. Katikati ya kazi alihisi jasho la baridi, akasema anakwenda kulowesha taulo, akapita nyuma ya pazia la maua. Pale mbele ya beseni waya wa moto uliruka kutoka nyongani mpaka unyayoni, mguu wa kushoto ukakunjika. Mtu mzima akianguka hutanguliza mikono. Yake haikuinuka. Paji la uso likapiga ukingo wa beseni.

Kule mbele walisikia kishindo. Mama Kioo, mdomo umejaa pini, akapaza sauti bila kugeuka:

"Vidole, usitucheleweshe!"

Akabana pini mbili zaidi kabla ya kwenda kulifungua pazia.

Wodini, daktari yule mpole hakuwa mpole tena. Alisoma karatasi zake, akamtazama mgonjwa, akamtazama na dada aliyesimama kando ya kitanda na damu ya mdogo wake kwenye mkono wa gauni. "Nani alimwambia huyu aache dawa?"

Mama Kioo alifungua kinywa. Vidole akamtangulia.

"Ni mimi mwenyewe, daktari," Vidole alisema kwa sauti iliyofifia. "Nilidhani nimepona."

Alilazwa wiki tano. Alitoka akitembelea mkongojo, na mikono yake haikuweza tena kupanda zaidi ya usawa wa mabega. Daktari alisema wazi kwamba nguvu nyingine zingerudi polepole, ila kazi ya kusuka aisahau. Vidole alihamia kwa shangazi yao, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Mama Kioo alilia, alipeleka matunda, alipeleka shuka mpya. Hata hivyo, moyoni alibaki na kichaka cha kujifichia: huenda angeanguka tu, dawa au bila dawa. Watu huanguka.

Nusu mwaka ukapita. Asubuhi moja Mama Kioo aliinua mashine ya kukaushia nywele ili afagie chini yake, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Alipojaribu kunyooka, moto ukamshuka nyuma ya paja mpaka kidoleni. Alipiga yowe ambalo hakulipiga hata leba. Kwa siku tatu alikwenda msalani kwa kutambaa. Hakujua alale upande gani. Kila upande ulikuwa na mwiba wake. Siku ya nne alijikokota kazini, akashindwa kumaliza kichwa kimoja. Mteja, msichana mcheshi asiye na ubaya, akamwambia kwenye kioo:

"Pole, mama, ni uzee huo unabisha hodi. Jikaze tu!"

Wengine wakacheka. Mama Kioo alilitazama benchi lile kiooni, meno yote yakiwa nje, akahisi kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Aliweka kitana chini. Yeye aliumwa mguu tu. Mikono yake ilikuwa mizima, koo lake lilimeza, mapaja yake yalimwinua. Mwenzake alisimama na mguu huu huu, juu ya misuli inayoungua, akasuka vichwa vitatu na nusu, kwa sababu dada yake alitaka.

Alifunga saluni mchana ule, akaenda kwa shangazi. Vidole alikuwa ukumbini, kwenye kiti kirefu chenye mikono. Alimtazama dada yake akivuka kizingiti, akaona jinsi alivyoupima mguu kabla ya kuukanyagia.

"Wa kushoto au wa kulia?" aliuliza.

"Wa kulia," Mama Kioo akajibu, na machozi yakamtoka.

Vidole hakumwambia "umeona sasa." Alimwonyesha namna ya kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Alimwonyesha kwamba kuamka si kukurupuka, bali kubiringika, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa kiwiko. Alimfundisha kwa subira, kama alivyofundishwa yeye kugawanya nywele zamani.

"Siku ile nyuma ya pazia," Mama Kioo alianza. "Nilisema neno..."

"Nilikusikia, dada. Nilitaka kukuitikia. Sauti haikutoka."

Mama Kioo akajifunika uso. Kisha akauliza, "Daktari alipouliza, mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ningebaki na nani?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe," Vidole alisema. Akaitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Ila usiniambie kwamba hukujua. Nilikwambia kila siku."

Mama Kioo akaichukua mikono ile katika yake.

Mguu wake ulipona baada ya miezi miwili. Alirudi saluni, akasimama kutwa kama zamani. Wateja walipouliza Vidole atarudi lini, hakuwaficha: "Harudi. Alikuwa mgonjwa, nami nilimwita mdekaji. Dawa zake, mimi ndiye niliyemwachisha." Wengine waliinamisha vichwa, wakikumbuka vicheko vyao.

Kila Jumapili huenda kwa shangazi kumchana na kumsuka mdogo wake, ambaye mikono yake haifiki tena kichwani. Humuuliza anaumwa wapi leo, na Vidole humjibu bila kulalamika: mara mguu umelala, misuli ndiyo iko macho; mara vyote viwili vimeamka. Mama Kioo husikiliza, naye anajua sasa kwamba kusikiliza ndiko pekee kulikobaki kwake. Yeye aliketi ukingoni tu mwa mateso yale kwa miezi miwili, kisha akainuka akaenda zake. Mdogo wake bado amelala humo. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.