Baibui la Bwana Shekuwe

Alikuwapo tajiri wa Korogwe, Bwana Shekuwe, mwenye mgahawa uliokimbiwa na wateja. Akamwita mpangaji wake, Mwanakombo.

"Niletee mteja, au hama nyumba yangu!"

"Nitamleta, bwana. Ila uape kwamba atakalolalamikia utalibadili papo hapo."

"Naapa!"

"Basi vaa baibui na nikabu, watumishi wako wasikujue, ukae mgahawani umsikilize."

Shekuwe akajifunika, akangoja hadi njaa ikamzidi, akaagiza pilau. Akatumwa dirisha la kwanza kuchukua sahani, la pili pilau, la tatu kijiko. Mwenye vijiko alikuwa ameenda kuoga.

Shekuwe akaivua nikabu. "Mpumbavu gani kapanga hivi? Dirisha liwe moja!"

"Mteja wangu ndiye wewe," Mwanakombo akasema kutoka meza ya jirani, "na umeshalalamika. Shika nyundo, bwana, ubomoe kuta za kati."