Mimba Iliyomchukia Mzee Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati fisi walikuwa na viwanda na pimbi walikuwa na njaa tu, Mzee Fisi alikuwa akifyatua matofali. Yaani walifyatua wengine. Yeye alipiga kelele.

"Kwangu hakuna kuumwa!" alifoka kila asubuhi. "Mgonjwa ninayemtambua mimi ni marehemu, na hata huyo aage kwanza!"

Wafanyakazi walicheka kwa woga. Bi Pimbi, mbeba matofali mdogo kuliko wote, hakucheka. Alikuwa na mimba, na kila siku aliikaza kanga isionekane. Mbeba matofali mwenzake, Swala, aliposema kuwa ni mjamzito, Fisi alimfukuza mchana huohuo. Na jana tu mkunga, Mama Bundi, alimwambia Bi Pimbi waziwazi: "Mwanangu, ukiendelea kubeba, huyo mtoto hatafika."

Asibebe, ale nini? Abebe, mtoto je?

Asubuhi hiyo Fisi akamzunguka, pua juu. "Ehe! Umenenepa! Ugali wangu umekukubali. Leo beba mara mbili!"

Bi Pimbi akajitwisha. Hatua chache tu, tumbo likakaza. Matofali yakaporomoka: pu! pu! puu! Kanga nayo ikafunguka.

"Haaa! Mimba!" Fisi akang'aka. "Toka! Nafasi yako nampa Ngiri!"

"Mzee, nakuomba..."

"Toka!"

Mara sauti ikatoka nyuma ya tanuri, nyumbani kwa Fisi: "Baba Makucha! Unamfokea nani?" Alikuwa Mama Makucha, mkewe, aliyempita kwa kichwa kizima. Mkia wa Fisi ukaingia katikati ya miguu, fyu!

Bi Pimbi akauona ule mkia. Akajifunga kanga upya; ulimi wake ulikuwa mzima.

"Naondoka, Mzee. Ila nakuhurumia. Mimba hii imekuchukia."

"Ikinichukia itanifanya nini?"

"Hee! Hukufundwa? Mimba ikimchukia mtu, mtoto huzaliwa na sura yake! Ukinifukuza, nitakuchukia asubuhi na jioni. Masikio hayo. Madoadoa hayo. Jana kitoto kilicheka humu tumboni: hi-hi-hiii!"

Fisi akajishika masikio. "Pimbi mwenye madoa?"

"Na nyuma kashuka kama wewe. Mama Makucha akija kunipa hongera, akamfunua mtoto... utaanzia wapi kumweleza?"

"Wee! Punguza sauti! Dawa yake nini?"

"Nisikuone, wala nisiwe na sababu ya kukuchukia. Nipumzike nyumbani, mshahara unifuate, na kazi yangu iningoje."

"Mshahara bila kazi? Labda nusu..."

"Lo! Amepiga teke! Keshaweka kinyongo."

Kish, kish, kish. Mama Makucha huyo, anakuja. "Mnanong'ona nini nyie wawili?"

Fisi akisema neno moja baya, yamekwisha.

"Na... nampa likizo ya uzazi, mke wangu!"

"Yenye mshahara?"

"Mzima!"

"Na Swala uliyemfukuza?"

"Arudi! Arudi leo hii!"

Bi Pimbi akaenda zake. Lakini ule uongo aliupika vizuri mno, ukaanza kumwingia mwenyewe. Kila akijilaza alitega sikio tumboni. Je, kikicheka kweli? Siku ya kujifungua hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Aliuliza, "Mama Bundi, ana madoa?"

"Madoa ya nini? Kahawia tupu, na mashavu haya!"

Bi Pimbi akacheka mpaka akalia.

Na Fisi? Tangu siku hiyo, mfanyakazi akishika kiuno tu, yeye hujifunika uso kwa ungo na kupiga kelele: "Nenda nyumbani! Usinitazame! Mshahara unakuja!" Hata Ngiri dume, aliyevimbiwa viazi, alipewa likizo ya uzazi.

Hadithi yangu naitua hapo, na funzo lake ni hili: anayeumwa na mwenye mimba wapumzishwe kabla hawajalazimika kutunga uongo.